Ua wa Askari Usilale Bure

Mpita njia akifika Kibenga, mtaa ulio kusini mwa Bujumbura kando ya Ziwa Tanganyika, huona nyumba zilizojengwa kwa fahari na kuzungushiwa kuta ndefu, na nyuma ya kuta hizo huona nyasi. Ni nyasi zilizokatwa vizuri na kunyweshwa maji asubuhi na jioni, ambazo mwenye nyumba hazili wala mbuzi wake hazigusi. Anayezifaidi nyasi za mtaa huo hasa ni kiboko, ambaye hutoka ziwani giza likiingia, akapanda hadi barabarani na kulisha popote asipozuiwa na ukuta. Askari wa doria ya usiku katika sehemu za Kinindo na Kibenga wanamjua vizuri mgeni huyo, na wamejifunza kumpisha njia.

Hatuna ugomvi na nyasi wala na maua. Kila mtu ana haki ya kuipamba nyumba yake. Lakini leo tunataka kusema na ndugu zetu wanajeshi na polisi: wale wanaoishi Kibenga na mitaa iliyo jirani, wale wanaopanga nyumba ndogo za uani, na wale wanaosimama zamu kwenye malango ya nyumba za watu wengine. (Neno hilo la zamu limezama nchini mwetu kiasi kwamba hata anayezungumza Kifaransa mjini Bujumbura humwita mlinzi wa nyumba yake "zamu", wala hakumbuki kwamba anasema Kiswahili.) Tunawauliza swali moja tu. Ardhi ile iliyo nyuma ya jiko lako, hata ikiwa ni hatua nne kwa tatu, inamlisha nani?

Swali hili si la mzaha. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu uliofanywa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba watoto 56 katika kila 100 wenye umri wa chini ya miaka mitano nchini Burundi walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao hakikulingana na umri wao. Kudumaa huko hakutokani na njaa ya tumbo peke yake. Hutokana pia na chakula cha aina moja kila siku, na maradhi ya kuhara yasiyokwisha, na udhaifu wa mama alipokuwa mjamzito. Mtoto anaweza kushiba ugali wa muhogo asubuhi na jioni, akalala bila kulia, na bado mwili wake ukakosa vitu unavyohitaji ili ukue. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Ni nyumba ngapi za askari wetu zinazofikia kipimo hicho hata siku ya mshahara? Sare ya baba haimkingi mtoto na kudumaa.

Hali ya familia ya askari tunaijua. Leo baba yuko Bujumbura, kesho amehamishiwa Makamba au Ruyigi, keshokutwa yuko mbali zaidi. Wenzetu wengi walitumikia Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika tangu mwishoni mwa mwaka 2007 hadi mwaka 2024, na nyumba zao zikabaki mikononi mwa wake zao kwa miezi mingi mfululizo. Mshahara wa askari huja mara moja kwa mwezi, lakini mama lazima apike kila siku. Mwisho wa mwezi ukikaribia, kitu cha kwanza kupunguzwa katika chungu si ugali, ni mboga. Fungu moja la lengalenga linalotosha watu watatu hugawanywa kwa watu saba, na mdogo kuliko wote hupewa mchuzi.

Tena, mboga za mjini kwetu zinatoka mbali. Sehemu kubwa ya kabichi, karoti na vitunguu vinavyouzwa Bujumbura hushuka kutoka milimani kwa barabara ya Bugarama, vingine kwa malori, vingine kwa baiskeli za vijana wanaohatarisha maisha yao katika kona za mteremko ule. Uhaba wa mafuta ya petroli ulioisumbua nchi katika miaka ya karibuni umemfundisha kila mpishi kwamba lori lisipotembea, bei ya nyanya hupanda kabla ya saa sita mchana. Na tangu Soko Kuu la Bujumbura lilipoteketea tarehe 27 Januari 2013, wauzaji wametawanyika katika masoko mengi, na mama wa Kibenga huhesabu nauli pamoja na bei ya mboga.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana, nasi hatuoni sababu ya kulifumbia macho. Raia humtambua askari kwa namna anavyomtendea mtu mdogo, na hakuna mtu mdogo barabarani kuliko mama aliyebeba karai la mboga kichwani. Malalamiko tunayasikia: fulani alisimamishwa, karai likateremshwa, na lilipopandishwa tena lilikuwa jepesi. Anayefanya hivyo huenda ana wanawe nyumbani wanaongoja chakula. Hilo tunalifahamu, lakini hatulikubali. Heshima ya kikosi kizima hupotea kwa mafungu mawili ya matembele. Na ukweli wa kushangaza ni kwamba matembele hayo hayahitaji hata mbegu: vipande vichache vya shina la kiazi kitamu, vikichomekwa katika udongo wenye unyevu, hutoa majani ya kuchumwa baada ya wiki chache, na huendelea kutoa kwa miezi. Askari mwenye tuta moja la matembele nyuma ya nyumba hana haja ya kutazama karai la mtu.

Hapa inafaa tutoe onyo, hasa kwa wakubwa. Tukihimiza bustani, hatuhimizi kwamba ofisa mwenye ua mpana Kibenga awashushe bunduki walinzi wake na kuwashika majembe. Mlinzi amewekwa kulinda. Kumtumia askari wa cheo cha chini kama kibarua wa bustani ya mkubwa ni kumvunjia heshima, na ni kuuacha lango wazi. Wazee wetu walilimishwa kwa amri wakati wa utawala wa Wabelgiji: mihogo kwa amri, viazi kwa amri, kahawa kwa amri, na nyuma ya amri hizo kulikuwa na kiboko, si yule wa ziwani tuliyemtaja hapo juu, bali mjeledi uliokatwa katika ngozi yake. Mihogo ile iliokoa watu katika miaka ya njaa, hilo hatulikatai. Lakini uchungu wa namna ilivyopandwa haukusahaulika. Basi mkubwa atakayependa bustani na aanze kwa mikono yake mwenyewe, asubuhi kabla ya kazi. Na kama mlinzi wake naye anapenda kulima baada ya zamu yake, amgawie pembe ya ua iwe yake, na kinachoota humo kiwe chake pia. Nyua za Kibenga ni pana. Pembe moja haimpunguzii tajiri chochote.

Majeshi ya nchi nyingine hayakuona haya katika jambo hili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Waingereza walipanda mboga hata katika handaki kavu linalozunguka Mnara wa London, ngome ya wafalme wao. Nchini Tanzania, Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa mwaka 1963 limewafundisha vijana bunduki na jembe katika kambi ile ile. Lakini mfano ulio karibu zaidi na hali yetu ni wa Cuba. Mwaka 1987, Raúl Castro akiwa waziri wa majeshi, jeshi la nchi hiyo lilianza kujaribu kupanda mboga katika matuta yaliyozungushiwa kingo na kujazwa udongo na mboji, bila mbolea ya viwandani. Jenerali Moisés Sio Wong alikuwa mmoja wa waliosimamia kazi hiyo. Wakati ule wengine waliona ni mchezo wa wanajeshi. Mwaka 1991 Umoja wa Kisovieti ukavunjika, mafuta na mbolea vikakatika, malori ya mashambani yakasimama, na jiji la Havana likajikuta halina mboga. Ujuzi uliokuwa umejaribiwa na wanajeshi ndipo ulipotoka na kuenea katika viwanja vitupu vya mji. Tunautaja mfano huo kwa sababu ya tarehe zake: walianza miaka minne kabla ya shida kufika.

Sasa tuje kwenye udongo wenyewe, maana Kibenga ina mambo yake. Jirani na ziwa ardhi ni tambarare na maji ya chini hayako mbali. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipanda likaingia katika nyumba za upande wa ziwani, na watu wakahama wakiwa wamebeba magodoro vichwani. Mto Kanyosha nao, unaopita jirani, huvimba mvua zinaponyesha milimani. Kwa hiyo anayelima Kibenga kama anavyolima nyumbani kwao Mwaro au Kayanza, kwa kuchimba na kupanda chini, atapoteza kazi yake msimu wa kwanza. Tuta la Kibenga liinuliwe. Upana wake usizidi mita moja na robo, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga udongo. Kimo chake kiwe kama sentimita 30, na zaidi kidogo mahali panapotuama maji. Kingo zake zishikwe na mawe, matofali yaliyovunjika au mbao za zamani. Ukingoni panda mchaichai: mizizi yake hushika udongo usimomonyoke, na majani yake ni chai ya bure. Kati ya matuta acha mfereji mwembamba unaopitisha maji, wala usiuache ugeuke dimbwi, kwa maana dimbwi ni kambi ya mbu.

Asiye na ardhi kabisa, au anayeogopa kuhamishwa kesho, achukue gunia. Mjini Nairobi, katika mitaa ya Kibera na Mathare, njia hii ilienea tangu mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi kufunga njia na kupandisha bei ya chakula. Gunia la mchele la kilo 50 husimamishwa wima. Katikati yake huwekwa kopo refu lisilo na matako, likajazwa kokoto, na pembeni hujazwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Kisha kopo huvutwa juu na kujazwa kokoto tena, hadi gunia lijae na nguzo ya kokoto ibaki katikati. Nguzo hiyo ndiyo inayopeleka maji chini. Ubavuni hutobolewa matundu madogo, kila tundu mche mmoja, na juu hupandwa mingine. Gunia moja hubeba miche thelathini na zaidi, na linakaa mahali pa kiti kimoja. Maji ya ziwa yakipanda, magunia huinuliwa juu ya matofali. Askari yeyote anayejua kujaza gunia la mchanga la kizuizi hana la kujifunza hapa ila kutoboa.

Udongo wa kichanga wa kando ya ziwa hauna nguvu nyingi, na dawa yake iko katika takataka za nyumba. Maganda ya ndizi na viazi, majani makavu, majivu kidogo, samadi ya sungura au kuku, vyote vikirundikwa kivulini na kugeuzwa kila wiki mbili, huwa mboji baada ya miezi mitatu hivi. Pumba za mpunga kutoka bonde la Imbo zikitandazwa juu ya tuta huhifadhi unyevu wakati wa jua kali. Sehemu kubwa ya takataka ambazo mji huu hulipa gharama kuzibeba ni mboji ambayo haijaoza.

Kuhusu maji tunasema kwa ukali kidogo. Mwanzoni mwa Januari 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa kipindupindu uliouanzia katika mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura. Mboga inayoliwa mbichi, ikimwagiliwa maji ya mtaro au ya mto unaopokea vyoo vya mji, hupeleka ugonjwa huo moja kwa moja mezani. Maji yaliyooshea vyombo na mchele yanafaa kwa matuta, yakimwagwa kwenye udongo na si juu ya majani. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa pipa lenye kifuniko ni bora zaidi. Mafuriko yakiingia uani na kupita katika choo, kila jani lililofikiwa na maji hayo ling'olewe na kuzikwa, hata kama linapendeza. Na anayelima upande wa ziwani akumbuke kwamba sheria imetenga ukanda wa mita 150 kutoka kwenye maji ya Tanganyika. Haifai walinzi wa sheria waonekane wakiwa wa kwanza kuuvunja kwa jembe.

Tupande nini? Lengalenga kwanza. Mbegu zake ni ndogo kama chembe za baruti, hivyo huchanganywa na mchanga mkavu zisianguke mahali pamoja. Baada ya wiki tatu au nne mboga iko chunguni. Bilinganya na nyanya chungu huvumilia joto letu na huzaa kwa muda mrefu. Nyanya za kawaida zina deni: wakati wa mvua nyingi majani yake huungua kwa ukungu, kwa hiyo zipangiwe kipindi cha ukavu, zifungwe kwenye vijiti, na zimwagiliwe chini. Pilipili mbili tatu zinatosha nyumba nzima. Kotimiri na seleri hupenda kivuli cha ukuta mchana. Mrehani hauna shida na jua, na nanaa ifungiwe katika kopo kwa maana ni mvamizi. Muhogo wa sombe upandwe pembeni, na wapishi wapya wakumbuke kwamba majani yake lazima yatwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu, kwa sababu yana sumu inayoondoka kwa moto na maji.

Watoto wana haki ya utamu pia. Mforosadi huota kwa kuchomeka tawi tu, na matunda yake meusi huliwa mtini kabla hayajafika jikoni. Marakuja hupanda ukuta, na ukuta ndio utajiri wa Kibenga; ile ya njano hustahimili joto la bondeni kuliko ile ya zambarau, ambayo ni ya milimani. Papai huzaa kabla ya mwaka kwisha au baada yake kidogo, lakini mizizi yake ikisimama majini siku chache hufa, basi apewe mahali pa juu kuliko pote. Stroberi tunazoziona zikipendeza katika baridi ya milimani hazitafurahi hapa, na hatumshauri mtu apoteze fedha zake. Mnavu uwe na mwalimu: majani yake hupikwa, lakini vitunda vyake vikiwa vibichi vina sumu, na mtoto mdogo hajui kutofautisha kibichi na kilichoiva.

Tumesikia hoja ya wanaosema: nitapanda, kisha nihamishwe, na mwingine avune. Ni kweli, na itatokea. Lakini yeye naye amehamishwa kutoka mahali fulani, na huko ameacha nini? Kikosi kinachokabidhi silaha kwa orodha na sahihi kinaweza pia kukabidhi matuta matatu na pipa la maji. Kuna kambi ambazo kila mwenye nyumba hukuta mwembe uliopandwa na mtu asiyemjua, akala maembe yake bila kuuliza cheo cha aliyeupanda. Hatuoni kwa nini lengalenga liwe na sheria nyingine.

Mvua za agatasi huanza Septemba. Anayetaka kuvuna Oktoba aandae matuta na magunia mwezi wa Agosti, wakati ardhi ni kavu na kazi ya kubeba mawe ni nyepesi, na mboji yake aianze Mei au Juni. Mbegu zisinunuliwe zote: katika kila tuta la lengalenga mashina matatu yaachwe yachanue na kukauka, yakung'utwe juu ya gazeti, na mbegu zigawanywe kwa majirani katika vikaratasi. Jumamosi asubuhi, baada ya kazi za pamoja za mtaa, majembe yakiwa bado mikononi na watu wamekusanyika, ndio wakati mzuri wa kuzigawa.